Kitabu cha matukio kinasomwa na nani? Barua ya wazi kwa wakuu wa hifadhi

Waheshimiwa wakuu wetu,

Nawasalimu kwa heshima zote.

YAH: KITABU CHA MATUKIO NA MSOMAJI WAKE

Mimi ni askari wa hifadhi, mwaka wa 12 huu. Kati ya hiyo, minane nimekuwa mwandishi wa kitabu cha matukio kituoni, kazi niliyopewa kwa sababu hati yangu inasomeka na kwa sababu aliyekuwepo kabla yangu alihamishwa ghafla. Sikuiomba. Lakini ukikaa na kitabu miaka minane mnazoeana. Najua ukurasa gani ulilowa mvua, na najua mstari gani uliandikwa na mtu ambaye mkono ulikuwa bado unamtetemeka.

Swali langu kwenu ni moja: haya tunayoandika, nani anayasoma?

Siulizi kwa kebehi. Taarifa ya mwezi ikichelewa siku moja, simu inapigwa kabla jua halijazama. Ikiwahi, kimya. Ikifika na kosa, kimya vilevile. Mwaka juzi nilisahau nukta kwenye jedwali, doria ya siku moja ya kilomita 41.00 ikasomeka kilomita 4,100 kwa miguu. Nililigundua kosa baada ya kutuma, nikakaa nikisubiri kuulizwa na maelezo yangu nimeshayaandaa. Hakuna aliyeuliza. Kwenye takwimu zenu huenda hadi leo sisi ni watu wa ajabu.

Labda hamjui kitabu kinajaa vipi. Siku inaanzia kwenye rejista ya silaha: namba ya bunduki, idadi ya risasi, jina, sahihi. Zinahesabiwa zikitoka, zinahesabiwa zikirudi. Halafu daftari la gari, kilomita na mafuta. Halafu anayetoka zamu anamwandikia anayeingia kwamba amekabidhi kituo na vitu vyake vyote, na vitu hivyo vinatajwa kimoja kimoja, pamoja na kiti chenye miguu mitatu ambacho tumekikabidhiana tangu nilipofika. Baada ya hapo matukio yenyewe yanaanza, nayo hayaji kwa mpangilio. Mgeni ameshuka kwenye gari kupiga picha mahali pasiporuhusiwa. Mtoto amepotea kwenye njia ya matembezi, amepatikana dakika 40 baadaye amekaa juu ya jiwe, halii, mama yake ndiye anayelia. Moto umeonekana upande wa pili wa mto. Mtu anapiga simu anafoka kwamba tembo wako shambani kwake. Gari la wageni limekwama, na dereva anasema aliambiwa na askari kwamba njia inapitika (hakuna askari aliyemwambia). Kila moja lina mstari wake, saa yake, jina la aliyepokea na hatua iliyochukuliwa.

Tukio kubwa likitokea, haliandikwi mara moja tu. Linaingia kwenye kitabu, kwenye fomu ya doria, kwenye simu yenye programu, kwenye rejista ya vielelezo, kwenye rejista ya watuhumiwa, kisha linarudi tena kwenye taarifa ya wiki na ya mwezi. Habari ileile, karatasi saba. Mwaka 2022 watafiti walikadiria kwamba duniani kote tuko kama 286,000, na kwamba ili asilimia 30 ya nchi kavu ya dunia ilindwe ifikapo 2030 kama mataifa yanavyotaka, tunahitajika kama 1,500,000. Upungufu huo mnausema wenyewe kila mnaposimama jukwaani. Basi hao wachache mlio nao, saa zao zinakwenda wapi? Nyingine zinakwenda kunakili.

Nitawapa usiku mmoja.

Msimu wa mvua, doria ilirudi kituoni saa 8 usiku. Askari wanne, mtuhumiwa mmoja, panga moja, mitego ya waya, na nyama ndani ya mfuko wa sandarusi. Mmoja wetu kiganja kilikuwa kimechanika. Waya wa mtego ukiwa umevutwa kwa nguvu na mti uliopindwa, ukiulegeza vibaya unakurudia kama mjeledi, na ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameufunga mkono kwa soksi. Taa ya sola ilikuwa imekufa tangu jioni, nikaandika tochi nimeiuma menoni. Tukahesabu mitego: 14. Tukahesabu tena: 13. Mwenye soksi mkononi akacheka, akachomoa waya mmoja uliokuwa umejisokota ndani ya mwingine, ikarudi 14. Kila mtego ukapata kibandiko na namba. Ilibidi iwe usiku uleule, maana kielelezo kikilala bila namba, asubuhi kimeshakuwa waya tu.

Mtuhumiwa alikuwa amekamatwa saa 5 usiku. Kwenye kitabu nikaandika hivyohivyo, saa 5 usiku. Simu ya doria iliweka yenyewe 23:00. Kifaa cha kupimia mahali kilikuwa kimeachwa kwenye saa za kimataifa, kikaweka 20:00. Na kijana wetu mpya, aliyejaza fomu ya ukamataji huku anasinzia, aliambiwa “saa 5” akaandika 05:00.

Miezi saba baadaye nilisimama kizimbani kama shahidi. Wakili wa upande wa pili hakuwa na haraka. Aliziomba karatasi nne, akazipanga mezani, akaniomba nisome saa kwenye kila moja kwa sauti. Nikasoma. Akauliza: “Shahidi, mteja wangu alikamatwa mara ngapi?”

Mtu aliachiwa. Simlaumu hakimu, ningekuwa yeye ningeamua vivyo hivyo. Simlaumu hata yule kijana. Kazi ya usiku mzima, kiganja cha mwenzetu, mitego 14 yenye vibandiko, vyote vilianguka kwa jambo linalotibika kwa mstari mmoja wa maelekezo kutoka kwenu: kila fomu itumie saa 24, na kila kifaa kiwekwe kwenye saa za mahali kilipo. Mstari huo niliupendekeza mimi, uko ukurasa wa 88. Haujajibiwa.

Kosa la namna hiyo lina ndugu yake kwenye ramani. Baadhi ya vifaa vyetu vinatoa mahali kwa digrii na dakika, fomu inataka digrii za desimali, na hakuna aliyewahi kukaa na askari akawaonyesha tofauti. Digrii 2 na dakika 30 ni 2.5. Askari anaiandika 2.30, kwa sababu ndivyo anavyoiona kwenye kioo. Tofauti hiyo ardhini ni kama kilomita 22. Nilipopata nafasi ya kuiona ramani ya mwaka ukutani kwenu, nilikuta mitego yetu kadhaa inaelea katikati ya ziwa. Pembeni kulikuwa na mshale mwekundu na maneno “eneo la kufuatiliwa”. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni.

Hapo ndipo penye uchungu, wakuu, maana programu yenyewe haina ubaya. SMART, programu ya kurekodi doria inayotumika kwenye hifadhi nyingi duniani, imejengwa juu ya mzunguko: askari wanakusanya, ofisi inachambua, ramani inarudi kwa askari, doria inayofuata inapangwa kwa ramani hiyo. Kwetu mzunguko umekatwa, umebaki mrija. Vitu vinapanda, hakuna kinachoshuka. Na kabla ya SMART kulikuwa na CyberTracker, iliyotengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1990. Ilitumia picha ndogo badala ya maneno ili wafuatiliaji nyayo wasiojua kusoma waweze kurekodi wenyewe walichokiona. Aliyeibuni alianzia kwenye macho ya mtu wa porini, ndipo akaenda kwenye mashine. Fomu yetu imeanzia mezani, ikaletwa porini ikitaka pori liifuate.

Chukueni kipengele cha “waliokamatwa”. Kina chaguo moja tu: jangili. Wiki moja tuliwakuta kina mama watatu wamevuka mpaka kuokota kuni. Kuni kavu, vichwani, wanaongea kwa sauti kubwa wala hawakujificha. Sheria ni sheria, tuliwasimamisha, tukawaandika, wakaonywa na kurudishwa. Kwenye simu nilitafuta pa kuwaweka. Hapakuwepo. Bila kuchagua kitu programu haiendelei mbele, na doria nzima ya siku sita isingehifadhiwa. Nikabonyeza “jangili”, idadi 3. Mwisho wa robo mwaka kituo chetu kikapongezwa kwa ongezeko la ukamataji. Barua ya pongezi ipo, nimeibandika ndani ya jalada la kitabu. Kila nikikifungua naiona, na kila nikiiona namkumbuka mmoja wao, mwenye umri wa mama yangu, aliyeniuliza, “Mwanangu, na mimi ni jangili?”

Kituo cha jirani hakikupongezwa. Mwenzangu wa kule ni mtu wa kuongea, anajulikana na wazee wa vijiji vyote vya mpakani. Mwaka ule waliletewa mitego na wenyewe waliokuwa wanaitega, watu wakaisalimisha kwa hiari. Hakuna kipengele cha “mtego uliosalimishwa”. Kwa hiyo kwenye jedwali lenu kituo chake kilionekana kimelala. Mnaelewa mnachotufundisha? Mnatufundisha kwamba kuokotea watu makosa kuna faida kuliko kuzuia makosa yasitokee. Askari si mjinga, akishaona kinachohesabiwa ndicho atakachokileta.

Na sifuri. Tafadhali nisikilizeni kuhusu sifuri. Kuna siku tunatembea kilomita 25, tunapekua vichaka vyote vya kando ya mto, haturudi na kitu. Naandika: kilomita 25, mitego hakuna. Hiyo ni habari, tena habari njema, na inapewa thamani yake na zile kilomita 25 zilizo mbele yake. Sifuri ya mtu aliyelala chini ya mti ni kitu kingine kabisa. Mitego mitano ndani ya kilomita 10 na mitego mitano ndani ya kilomita 100 si jambo moja, ingawa kwenye grafu yenu ya nguzo zina urefu sawa. Gawanyeni kwa kilomita. Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini isipofanyika, kituo kinachotembea sana kitaonekana kina ujangili mwingi, na kinacholala kitaonekana kina amani. Nasikia kuna vituo ambako siku ya sifuri wanaazima mtego mmoja kutoka stoo. Sijathibitisha, kwa hiyo sikuandika kitabuni.

Zipo fomu ambazo najua zinasomwa, na nazijaza kwa moyo mwingine. Mzoga wa tembo, kwa mfano. Unaukuta kwa harufu kabla ya macho. Unafunga kitambaa puani, unazunguka, unaangalia: mbichi, wa karibuni, wa zamani, wa zamani sana? Pembe zipo? Zimekatwa au zimeng'olewa baada ya kuoza? Kuna tundu la risasi, kuna alama ya waya, au ni ukame tu na uzee? Tunabishana pale pale, jua linapiga, nzi wanaingia masikioni. Kule ambako inafanya kazi MIKE, programu ya kufuatilia mauaji haramu ya tembo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, majibu hayo yanafika mbali. Programu hiyo iliamuliwa kwenye mkutano wa Harare mwaka 1997, na kipimo chake kikuu ni chepesi: kati ya mizoga yote iliyokutwa, mingapi ni ya tembo waliouawa kinyume cha sheria. Ikizidi nusu, hali ni mbaya. Mataifa yanakaa kubishana kuhusu pembe za ndovu wakiwa na namba iliyoanzia kwa askari aliyefunga kitambaa puani.

Ndiyo maana nikiandika “chanzo cha kifo: hakijulikani”, naomba msinirudishie fomu nikamilishe. Imekamilika. Mzoga wa miezi minane hauna cha kuniambia, na nikibuni jibu ili kisanduku kijae, nimeidanganya dunia nzima kwa sababu ya kisanduku. Mwaka jana nilirudishiwa fomu mbili za namna hiyo, na hayo ndiyo majibu pekee niliyowahi kupata kutoka ofisini. Nilifurahi kwa dakika moja kwamba kuna mtu anasoma. Halafu nikaona kilichosomwa ni nafasi iliyo wazi tu.

Madai ya fidia nayapitia haraka, kwa kuwa najua yako juu ya uwezo wa wengi wenu. Ila jueni tu kwamba anayekwenda kupima shamba lililokanyagwa ni mimi, anayepiga picha ni mimi, anayemwambia mwenye shamba “tumepeleka” ni mimi. Majibu yasipokuja mwaka, nyuso zinanigeukia mimi. Doria ya usiku inapita nyuma ya nyumba hizohizo. Mtu aliyekuwa anatupigia simu akisikia mlio wa risasi sasa hapokei hata salamu. Hilo pia ni tukio, nalo halina safu.

Nirudi kwenye kiganja. Mwenye soksi mkononi alishonwa siku ya tatu, gari lilipopatikana. Vidole viwili havijakunjika sawasawa tangu siku ile, na vidole hivyo ni vya mkono wa kushikia silaha. Nendeni kwenye taarifa ya mwezi ule, mtaikuta mitego 14, mtalikuta panga, mtaikuta nyama kwa makadirio ya kilo. Yeye hamtamkuta. Fomu ya doria ina mahali pa mnyama aliyejeruhiwa, haina mahali pa askari aliyejeruhiwa. Nilimwandika kwenye kitabu, mstari wa mwisho, kwa sababu kwenye kitabu hakuna programu ya kunikataza.

Kila tarehe 31 Julai, Siku ya Askari wa Hifadhi Duniani, mnasimama na sisi mnatukumbusha waliokufa kazini. Nashukuru kwa hilo, kwa dhati. Dunia ilijua jina la Virunga, hifadhi iliyo mashariki mwa Kongo, upya tarehe 24 Aprili 2020, askari 12 walipouawa pamoja na dereva na raia wanne, na ilistahili kujua. Lakini kwenye orodha zinazotolewa kila mwaka si wote waliopigwa risasi. Kuna waliozama wakivuka mto, waliopinduka na gari, walioungua wakizima moto, waliokanyagwa na mnyama. Vifo vya namna hiyo hupiga hodi kabla. Gari limeshateleza pale pale mara mbili. Mto umeshamchukua mtu buti na akanusurika. Nyati ameshatoka kichaka kilekile. Kwenye kitabu chetu, mwaka huu peke yake, nimeandika mara tisa maneno “amenusurika”. Nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu ili msomaji yeyote asiyakose. Mara nne kati ya hizo ni kivuko kimoja.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Mwezi ukiisha, ramani iliyotokana na kazi yetu irudi kituoni, hata ikiwa imechapwa kwenye karatasi moja isiyo na rangi, na mtu mmoja wa ofisini aje nayo, akae na sisi saa moja, atuulize ile mitego ya ziwani ni ya nani. Tukio liandikwe mara moja tu, nyie huko mlipo na kompyuta mlichukue mlipeleke kwenye majedwali mnayoyataka. Ongezeni safu tatu: askari aliyejeruhiwa, aliyenusurika, na mtego uliosalimishwa. Kina mama wa kuni wapewe neno lao. Ukamataji usiwe ndiyo cheo cha kituo. Kile kivuko kiwekewe kamba. Na aliyeandika akiuliza swali kitabuni, ajibiwe kitabuni, kwa mkono, na tarehe, hata jibu likiwa “hapana”. “Hapana” tunaweza kuifanyia kazi.

Hili la mwisho nalisema kama mwandishi wa kitabu: kilichopo sasa kimebakiza kurasa 31. Ombi la kingine niliwasilisha miezi mitano iliyopita. Nakala yake iko ukurasa wa 212, chini ya tukio la nyani walioingia jikoni.

Wenu katika kazi,

Askari, mwandishi wa kitabu cha kituo